Mpangaji shughuli wa Sinza na mkutano mkuu wa wakusanyaji: amefaa, na tunamrudia

Klabu yetu ni ya wakusanyaji wa stempu, sarafu na noti. Wanachama wengi tuko Dar, wengine wanatoka Tanga, Tabora, Moshi na Unguja, na mara moja kwa mwaka tunakutana kwa siku tatu. Mkutano tunauweka karibu na Oktoba 9, Siku ya Posta Duniani, tarehe ulipoanzishwa Umoja wa Posta Duniani kule Bern mwaka 1874. Mimi ndiye mweka hazina. Miaka yote chakula, jioni za kukaa pamoja, matembezi na mambo ya wenza tulikuwa tunagawana wenyewe ndani ya kamati, na kila mwaka walewale watatu wanne ndio waliokuwa wanakimbizana na wapishi huku wenzao wakibadilishana stempu. Safari hii tukaamua kulipa mtu. Nimeshaulizwa na watu wa vikundi vingine, wa santuri na wa magari ya zamani, kama ile fedha ilikuwa na faida. Ilikuwa nayo, na ninaeleza hapa ilikwenda wapi, pamoja na sehemu mbili ambazo hatukupata tulichokilipia.

Kampuni yenyewe ni ndogo. Ni dada mmoja mwenye ofisi Sinza, vijana wake wachache, na daftari nene lenye namba za wapishi, wapambaji, wenye viti na wenye jenereta. Kazi zake nyingi ni harusi, send-off, kipaimara na mahafali. Mambo ya wakusanyaji hakuwahi kuyagusa, na hilo ndilo lililoigawa kamati. Wapo waliotaka tumchukue mtu aliyezoea makongamano ya ofisi, yule wa mafaili na chupa za maji. Mimi nilikuwa upande wa Sinza kwa sababu ya kikao cha kwanza.

Alikuja kwangu Magomeni, akanishika mkono, "Shikamoo mama," akakaa. Nilitegemea atoe simu anionyeshe picha za mapambo, kama walivyofanya wengine wawili tuliowaita kabla yake. Hakutoa. Akasema, "Mama, naomba kwanza nione hivyo vitu vyenyewe mnavyokusanya." Nikamfungulia albamu yangu ya Zanzibar, zile stempu za enzi ya Sultani zilizopigwa chapa ya JAMHURI 1964 juu yake baada ya Mapinduzi. Akataka kushika, nikampa kibano. Akauliza kwa nini asishike kwa vidole. Nikamwambia vidole vina jasho na mafuta, na stempu ambayo haijatumika ina gundi nyuma; gundi ikipata unyevu imeharibika, na thamani imekwenda nayo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo watu wakila pilau na hizi zipo mezani?" Akaandika kwenye daftari.

Maswali yakaendelea hivyo. Ukumbi ukiwa na panga boi? Nikamwambia panga boi likizungushwa kwa nguvu, stempu zinaruka, na stempu ikidondoka ikakunja jino moja tu, katika vile vimeno vya ukingo wake, mwenyewe anaumwa roho. Basi kiyoyozi? Sawa, lakini kisielekezwe mezani. Taa? Hapo nilimshikilia muda mrefu, maana wapambaji wa mjini wanapenda taa za zambarau na bluu, na kwenye taa hizo huwezi kutofautisha rangi za stempu. Stempu mbili za thamani moja na picha moja zinaweza kutofautiana rangi kidogo tu, moja ikawa ya kawaida na nyingine ya kutafutwa. Tunataka taa nyeupe, inayoangaza kutoka juu. Kelele? Watu wetu wengi ni wazee, na raha yao ni kusimuliana. Mlango wa chumba cha kuhifadhia albamu usiku unafungwa kwa funguo ngapi, na anazo nani?

Alipoondoka nilijua tumempata. Mapambo anaweza kuyaleta yeyote, lakini mtu anayeuliza kwanza wageni watakuwa wanafanya nini na mikono yao ni nadra.

Ushauri wake wa kwanza ulihusu siku. Sisi tulizoea chakula kikubwa cha usiku kiwe Jumamosi, mwisho wa mkutano, na tuzo hukohuko. Akatuambia wazi kwamba Jumamosi ya Oktoba Dar es Salaam ni ya maharusi. Ukumbi mzuri unabanwa miezi mingi kabla, bei inapanda, na saa sita usiku wenye ukumbi wanataka mtoke kwa sababu asubuhi wana shughuli nyingine. Akatutazamia na sikukuu ya Nyerere, Oktoba 14, tusije tukajikuta wageni wa mikoani wanagombania tiketi na watu wanaokwenda mapumziko. Pendekezo lake: chakula kikubwa kiwe Ijumaa usiku, siku ya kwanza, baada ya Isha. Jumamosi mchana meza za kubadilishana. Jumamosi usiku kusiwe na ratiba yoyote, watu wakae tu. Jumapili asubuhi matembezi, mchana watu waondoke.

Mwenyekiti wetu alipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito: watu hawajaonana mwaka mzima, utawalisha kabla hawajazungumza? Lakini dada wa Sinza alijibu kwamba ndiyo maana. Watu wakishakula pamoja Ijumaa, Jumamosi wakikutana mezani hawatajuana kwa bei tu. Kamati ikapiga kura, Ijumaa ikashinda. Nimeona matokeo kwa macho yangu. Miaka iliyopita Jumamosi asubuhi ilikuwa na ubaridi fulani, wageni wapya wanazunguka meza bila kuthubutu kuuliza. Mwaka huu kijana wa Moshi, mara yake ya kwanza kuja, alikwenda moja kwa moja kwa mzee wa Tanga aliyekaa naye usiku uliotangulia, na kabla ya saa nne walikuwa wameshapeana. Mpango wa Ijumaa ninaupendekeza kwa chama chochote cha aina yetu.

Sasa hiyo Ijumaa yenyewe. Jambo lililonifurahisha kuliko yote lilikuwa namna ya kuwakalisha watu. Kwenye harusi unapewa kadi yenye namba ya meza. Yeye alikuja kuniomba sarafu. "Mama, mna zile za zamani zisizo na bei, nyingi nyingi?" Tunazo, droo ya klabu imejaa sarafu za kwanza za Benki Kuu, za mwaka 1966, ambazo kila mkusanyaji anazo hadi za kugawa. Tukazihesabu: senti tano, yaani ndururu, yenye samaki sulisuli, senti ishirini yenye mbuni, thumni, yaani senti hamsini, yenye sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Tukaongeza senti kumi ya mwaka 1977 yenye pundamilia. Mgeni akiingia anachukua sarafu moja kikapuni bila kuchagua, na meza yake ni ile yenye picha hiyo. Matokeo yake ni kwamba mume na mke walitenganishwa, watu wa Unguja hawakukaa peke yao, na kila mtu aliyekaa chini alikuwa tayari na kitu mkononi cha kuzungumzia. Mke wa mwanachama mmoja, ambaye kila mwaka hukaa pembeni na simu yake, aliambiwa na jirani yake kwa nini ndururu ile ina pembe kumi na mbili wakati senti tano za zamani za Afrika Mashariki zilikuwa za duara zenye tundu katikati. Akauliza swali la pili, na la tatu. Sarafu tulimwachia kila mtu aondoke nayo.

Beji nazo alizifikiria. Jina kwa herufi kubwa, na chini yake unachokusanya: "Twiga wa Tanganyika 1922", "Noti za Nyerere", "Mihuri ya posta za vijijini", "Rupia za Wajerumani". Huo mstari wa pili ni muhimu kuliko jina. Mtu mwenye haya hawezi kumwambia mgeni "habari yako, unaitwa nani," lakini akisoma "Rupia za Wajerumani" kifuani pa mtu, mdomo unafunguka wenyewe.

Chakula kilikuwa kizuri na kwa bei ya sahani moja shilingi 28,000 sina malalamiko. Pilau ya ng'ombe isiyo na mafuta mengi, tuliomba hivyo, kuku wa kuchoma, samaki wa kupaka, ndizi za nazi, kachumbari, matunda. Ndafu hatukutaka. Tuna wanachama wa Upanga ambao hawali nyama, na baadhi yao hawali kitunguu wala viazi wala chochote kinachochimbwa ardhini. Miaka ya nyuma hawa walikuwa wanakula saladi na wali mweupe, na nilikuwa naona aibu kila mara. Yeye alitafuta mpishi wao wenyewe, aje na masufuria yake na miiko yake, meza yao ikawekwa upande mwingine kabisa wa nyama, na kibao kikaandikwa kila chakula kina nini. Mmoja wa wazee hao alinifuata mwisho wa chakula akaniambia kwamba ndiyo mara ya kwanza amekula shibe kwenye mkutano wetu. Huyu ni mtu aliyekuwepo tangu klabu inaanza.

Kabla ya tuzo, vijana walipita na birika na beseni, kila mtu akanawa kwa sabuni, na taulo safi zikagawiwa. Hapo ndipo albamu mbili za washindi zilipopitishwa meza kwa meza. Hakuna aliyeambiwa anawe kwa sababu ya stempu; ilikuwa heshima ya kawaida ya chakula chetu, na kazi ikafanyika.

Kasoro ya kwanza ni MC. Tulishakubaliana muziki wa chini na maneno machache. Aliyekuja ni kijana hodari wa harusi, na alifanya ya harusi. Alianza kuwaita watu ukumbini wacheze kwa makundi ya mikoa, spika zikapandishwa, na mzee wetu aliyekuwa ameandaa maelezo ya dakika kumi kuhusu noti za rupia za Zanzibar, zile zilizoanza kutolewa mwaka 1908 na ambazo leo kuiona moja tu ni bahati, akakatizwa katikati ili keki ikatwe. Keki hatukuiagiza sisi. Ilikuwa zawadi ya mpishi, nia njema, lakini saa yake haikuwa ile. Nililiona lile jambo usoni mwa mzee na liliniuma sana. Mpangaji alikuwa jikoni wakati huo. Alipotoka na kuambiwa, alikwenda mwenyewe kwa dijei akazima spika mbili, kisha akamfuata mzee, akapiga goti na kumwomba radhi. Maelezo yaliendelea Jumamosi usiku na yalipata nafasi nzuri zaidi. Hata hivyo lile lilikuwa jukumu lake kulizuia mapema. MC lazima apewe ratiba kwa maandishi na aelezwe kwamba hapa wageni wanakuja kusikiliza.

Jumamosi mchana nitaipita haraka kwa sababu meza za kubadilishana ni kazi yetu wenyewe na zilikwenda vizuri. Upande wake ulikuwa wenza na watoto. Wenza aliwapeleka Oysterbay, Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga, ule ushirika uliotokana na kazi ya Edward Saidi Tingatinga aliyefariki mwaka 1972. Hakuwapeleka kutazama tu. Alipatana na wachoraji, kila mgeni akapewa kibao kidogo na rangi, akafundishwa kuchora ndege wake. Walirudi saa tisa na vidole vya kijani na vicheko. Wamesema mwakani hawataki kitu kingine.

Watoto alitaka kuwaletea bembea la kupulizia na mtu wa kuwachora nyuso. Nikamwambia, mwanangu, tujaribu beseni. Tulichukua bahasha za zamani, tukakata pembe zenye stempu, tukaweka mabeseni ya maji ya uvuguvugu chini ya mwembe. Mtoto anatia vipande, anasubiri, stempu inaachana na karatasi yenyewe, anaitoa polepole na kuilaza kwenye taulo nyeupe ikauke kifudifudi. Siyo kwenye gazeti, wino unahamia. Kila mtoto alichagua ishirini za kwenda nazo na daftari dogo la kubandikia. Mjukuu wangu wa miaka minane alikataa kuja kula. Yule dada alisimama pale na watoto muda mrefu kuliko kazi yake ilivyohitaji, na nadhani na yeye aliondoka na chache mfukoni, nilimwambia achukue.

Nakuja Jumamosi usiku, na hapa nataka kukaa.

Nimesoma habari za vyama vikubwa vya wenzetu. Wale wa stempu wa Marekani chama chao ni cha tangu 1886, wa sarafu tangu 1891, na mikutano yao ya mwaka ni mikubwa, ina semina, minada na karamu. Lakini watu waliokwenda wanachokisimulia wakirudi ni vile vyumba vya hoteli vilivyoachwa wazi usiku, mtu na mwenzake, sanduku la stempu kitandani, hadi usiku wa manane. Sisi wa pwani jambo hilo tunalo tangu zamani, tunaliita baraza. Kazi ya mpangaji ilikuwa kuliacha liwe.

Akaliacha. Aliuchukua ua wa nyuma wa hosteli tuliyofikia, akapanga mikeka upande mmoja na meza ndefu upande mwingine, taa nyeupe zikafungwa juu ya meza. Muuza kahawa alikuja na madeli yake na jiko la mkaa, vikombe vidogo vya udongo, kashata za karanga na za nazi, tangawizi kwa wasiokunywa kahawa usiku. Bagia na kababu ziliwekwa mbali, karibu na bomba la maji. Hakukuwa na kipaza sauti, MC wala hotuba. Jenereta liliwekwa nyuma ya ukuta likiwa tayari, na umeme ulipokatika kidogo baada ya saa tatu, liliwaka bila sisi kuwa na habari nalo zaidi ya taa kupepesa. Mlinzi alikaa mlangoni pa chumba cha albamu, na daftari la kusaini nani kachukua nini.

Watu walikaa hadi baada ya saa sita. Mzee wa Tabora alitoa kitambaani sarafu ya Wajerumani, heller ishirini ya mwaka 1916. Ni kipande cha shaba kilichopigwa Tabora wakati wa vita, Wajerumani wamezibiwa njia ya bahari, fedha haifiki kutoka Ulaya, wakaamua kujitengenezea kwa mashine za karakana ya reli. Pembeni haikukaa sawa, unaona kabisa ilipigwa kwa haraka. Ile ya dhahabu ya rupia kumi na tano, yenye tembo na mlima nyuma yake, iliyotengenezwa hukohuko mwaka huohuo, alisema ameiona mara moja tu mkononi mwa mtu. Kile kipande cha shaba kilizunguka mkeka mzima. Kwa mwanga ule mweupe kila mtu aliona michubuko yake.

Kwenye meza ndefu ulikuwa unaendelea ubishi wa noti. Benki Kuu iliziondoa noti za zamani kwenye mzunguko mwaka 2025, za matoleo ya 1985 hadi 2003 na ile ya shilingi 500 ya mwaka 2010, na watu walipewa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5 kuzibadilisha. Vijana wawili walizibakiza makusudi. Mmoja anasema zitapanda bei kwa kuwa nyingi zimerudishwa. Mwingine anasema zilichapishwa nyingi mno, utakachopata ni noti safi isiyokunjwa tu, hizo nyingine ni karatasi. Mama mmoja wa Unguja akawaambia, "Wanangu, mimi ninayo ya baba yangu, siiuzi kwa bei yoyote, kwa hiyo msinihesabu." Wakabishana hadi wakahamia kwenye shilingi 500 ya sarafu, ya mwaka 2014, na nyati wake.

Na mzee wa rupia za Zanzibar akapata baraza lake. Alizungumza kwa zaidi ya saa nzima, amekaa kwenye mkeka, watu wamemzunguka, wanamkatiza na kumuuliza. Zile dakika kumi za kusimama nyuma ya kipaza sauti zisingempa hivyo hata kama zisingekatizwa.

Gharama ya usiku ule wote ilikuwa ndogo kuliko mapambo ya Ijumaa peke yake. Ninalisema hili kwa watu wa kamati nyingine: mkiwa na fedha kidogo, punguzeni Ijumaa yenu, msiguse Jumamosi.

Jumapili ilikuwa matembezi ya mjini, na njia aliipita mwenyewe mapema kutazama vivuli na vyoo, jambo ambalo waongozaji wengi hawalifanyi. Tulianzia stesheni ya zamani ya reli, ile iliyoanza kujengwa njia yake mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mzee wa Tabora alisimulia tena pale, na safari hii watu wote walielewa karakana ile ilikuja na reli ipi. Tukafuata Sokoine hadi Boma la Kale la Sultani Majid, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe miaka ya 1866 na 1867. Tukapita makanisa ya Mtakatifu Joseph na Azania Front, tukapanda hadi Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, tukaishia Makumbusho ya Taifa. Wenye magoti mabovu walikuwa na bajaji mbili zinazotufuata taratibu, na madafu yalikuwa yanasubiri kwenye kivuli cha Azania Front.

Kasoro ya pili iko hapa. Tulipanga kuanza saa moja asubuhi ili tumalize kabla jua halijakaza, na ili wanaokwenda ibada za mwisho wawahi. Koasta ya kututoa hosteli ilichelewa zaidi ya saa nzima. Dereva alikuwa kwenye harusi usiku. Mpangaji hakuwa na gari la akiba, akaanza kutafuta bajaji saa ileile. Tulipofika Sanamu ya Askari jua lilikuwa kichwani, wazee wawili wakaishia njiani kurudi, na waliotaka kusali ibada walituacha nusu ya safari bila kuona Makumbusho. Kwa wageni waliotoka Moshi na Tanga, hilo si dogo. Gharama ya koasta aliikata kwenye malipo yake bila kuombwa, na nilimheshimu kwa hilo.

Kuhusu fedha, ambayo ndiyo kazi yangu. Ada yake ilikuwa shilingi 1,200,000, imekatwa mwanzoni, haipandi wala haishuki. Wale wengine wawili tuliowaita walitaka asilimia ya bajeti yote, na mimi mpango huo siupendi: kila unapoongeza maua, anaongeza chake. Yeye alinipa bei za kila mtoa huduma kama zilivyo, na mwisho akaniletea risiti zao zote, hata ya mkaa wa muuza kahawa. Kianzio tulilipa nusu, nusu baada ya mkutano. Tulikuwa watu kama sabini, na hesabu ilifungwa chini kidogo ya tulivyopanga. Simu zangu zilijibiwa siku zote, isipokuwa Jumamosi mchana, nikaja kujua alikuwa kwenye mabeseni na watoto.

Kwa chama kikubwa chenye watu mia tatu na kumbi mbili kwa wakati mmoja, sidhani kampuni hii ina mikono ya kutosha. Kwa klabu ya ukubwa wetu, au ya santuri, au ya magari, ningewaambia mwiteni nyumbani, mwonyesheni vitu vyenu, msikilize anauliza nini.

Kianzio cha mwakani tumeshalipa. Kwenye mkataba nimeongeza mistari miwili: koasta ya pili iwe imelala hapohapo hosteli, na kipaza sauti kishikwe na mtu wa kamati. Mzee wa rupia ameshaulizwa, na ameomba apewe mkeka.